Upepo Hauongezwi kwa Pupa

Sisi vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja: kitu kikienda kasi, tunataka kiende kasi zaidi. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Usiku naandika riwaya isiyokwisha, mchana nashika spana kwenye gereji moja ya Gerezani, Dar es Salaam. Ugonjwa huo nauona kila wiki, na mara nyingi unakuja umepanda Subaru Impreza ya miaka ya 1990.

"Kaka, niongezee upepo wa tabo. Si nusu saa tu?"

Kweli, kazi yenyewe si ndefu. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa ndani ya silinda. Kuna kilango ambacho presha ikifika kiwango chake hufunguka, moshi ukapita pembeni. Ukikidanganya kwa vali ndogo kwenye mpira wake, kinachelewa kufunguka na presha inapanda.

Ila hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Isipotosha, joto ndani ya silinda linapita kiasi na mchanganyiko unajilipukia wenyewe. Utasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Sisi tunaita kugonga, na kugonga kukali hutoboa pistoni. Tena gari hizi zilipangiwa petroli ya Japani yenye okteni karibu 100. Ya kwetu haifiki hapo. Changanya na joto la Dar mwezi wa Januari, halafu niambie.

Mzee wetu wa gereji ana utaratibu wake. Kwanza anapima kompresheni ya silinda zote nne. Anakagua mipira yote, iliyopasuka inatupwa. Filta na plagi mpya, nozeli zinasafishwa, pampu ya mafuta inapimwa. Anafunga geji ya presha na ya mchanganyiko. Ndipo anaongeza kidogo, 0.1 ya bar, anajaribu barabarani, anasikiliza, anafungua plagi na kusoma rangi yake. Kompyuta ikikata mafuta, haidanganyi. Yule ni mlinzi.

Desemba 2023 alikuja kijana ana hela mkononi. Alitaka gari usiku uleule, asubuhi awapeleke wadogo zake harusini Tanga. Tukapima. Silinda ya tatu ilikuwa chini sana kuliko wenzake.

"Mwanangu," Mzee akamwambia, "hela yako naihitaji, kodi ya gereji inanisubiri. Lakini injini hii haina kifua. Nenda Tanga polepole, ukirudi tuifungue."

"Mzee, kama huwezi sema tu!" Akasonya, akaondoka. Jioni ile tulikunywa chai kavu.

Saab wa Sweden, mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliweka kwenye tabo zao kifaa cha kusikiliza injini: ikianza kugonga, presha inashushwa. Impreza nayo ina sikio lake, lakini kifaa cha miaka thelathini si cha kukabidhiwa roho za watu. Sikiliza mwenyewe.

Basi, ndugu yangu, ukitaka kujua gari lako litabeba upepo kiasi gani, usiiulize tabo. Iulize silinda iliyo dhaifu kuliko zote. Usipoiuliza gereji, itakujibu njiani.