Bujumbura: Maji Yateremkapo Kutoka Mlimani Hadi Ziwani

Msafiri aingiaye Bujumbura kwa barabara itokayo Gitega huuona mji wote chini yake kabla hajaufikia. Milima huteremka kwa ghafla, hewa hugeuka kuwa ya joto, na mbele yake hutandaa Ziwa Tanganyika, ng'ambo yake ikiwa milima ya Kongo. Mji huu, ulioitwa Usumbura enzi za ukoloni, ulikuwa makao makuu ya Burundi tangu uhuru wa mwaka 1962 hadi mwaka 2019, Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa. Bandari, biashara na viwanda vilibaki ziwani.

Atakaye kuujua mji huu vema na afuate maji yake. Mto Ntahangwa hutoka milimani ukiwa na udongo mwekundu, hula kingo zake na kutishia nyumba zilizo ukingoni, kisha hupita kando ya Buyenzi. Huo ndio mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, wenye misikiti, mikahawa na mafundi wa magari wanaosifika mji mzima. Fundi hodari huweza kuifufua injini iliyokwisha kukatiwa tamaa. Lakini mafuta machafu yakimwagwa chini, mvua ya kwanza huyachukua hadi mtaroni, na mtaro huyapeleka mtoni. Mto nao hupita karibu na mtaa wa viwanda, ndipo uingie ziwani.

Kaskazini, upande wa uwanja wa ndege, ardhi ni tambarare na ya chini. Huko ndiko Buterere. Takataka za mji zimekuwa zikimwagwa huko kwa miaka mingi, na huko ndiko yalikojengwa mabwawa ya kusafishia majitaka. Karibu na jaa hilo kuna makazi ya watu na mashamba ya mpunga. Gari la taka likifika, wanawake, vijana na watoto hulikimbilia na magunia yao, wakatafuta chuma, plastiki na makaa yaliyosalia. Moshi huwaumiza macho, na vigae huwakata miguu. Watu hawa hutupa kidogo kuliko wakazi wa mitaa ya juu, kwa kuwa hununua kidogo. Lakini harufu ya taka za mji mzima huwafikia wao kwanza.

Hapo ndipo penye swali la haki. Uchafu, kama maji, huteremka. Hutoka kwa mwenye nguvu ukaenda kwa asiye na pa kuhamia. Hata hivyo, asidhani mtu wa mlimani kwamba amesalimika. Mabomba ya REGIDESO huleta mjini maji yaliyotekwa katika ziwa lile lile lipokealo mito na mitaro. Mikeke na ndagala waliwao kila nyumba hutoka humo pia.

Tena ziwa hili si bonde la kupitisha maji tu. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, na kina chake hufika meta 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal. Mto mmoja tu hutoka humo, nao ni Lukuga uendao Kongo. Maji mengi huondoka kwa mvuke. Mvuke hauchukui risasi. Kiingiacho ziwani huweza kukaa humo muda mrefu.

Mama wa nyumbani aweza kuchemsha maji na kuosha mboga, na hapana budi afanye hivyo, kwani vijidudu hufa motoni. Lakini sufuria haiondoi madini mazito yaliyoyeyuka majini. Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachiwa jiko peke yake.

Sheria haikosekani. Tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake papa hapa Bujumbura. Mkataba huo umekubali kanuni kwamba achafuaye ndiye alipaye. Kanuni hiyo hupata uhai pale mkaguzi aingiapo kiwandani bila kuzuiwa langoni, pale polisi amsimamishapo dereva amwagaye taka mtoni, hata kama gari ni la mkubwa, na pale kambi ya askari iwekapo mafuta yake machafu katika pipa, si mtaroni.

Jioni, watu wa Bujumbura hushuka ufukweni kupunga upepo na kutazama viboko wakitokeza vichwa majini. Watoto wa Buterere na watoto wa mitaa ya juu huoga katika maji yale yale. Tofauti ni kwamba hadi leo, aliyeyachafua halipi. Alipaye ni jirani wa jaa.