Barua kwa Mpwa Anayekwenda Comrades

Mpwa wangu mpendwa,

Baba yako amepiga simu akiwa na wasiwasi: binti yake amemaliza marathoni, na badala ya kupumzika anaitaka Comrades. Alitarajia shangazi amkataze. Shangazi hakatazi. Ila yapo mambo ya kusemwa kuhusu mbio hizo na kuhusu watu wanaozimaliza, na imeonekana bora yaandikwe, maana kwenye simu binti huyu husikia nusu tu.

Comrades hukimbiwa Afrika Kusini, kwenye lami, kati ya Durban na Pietermaritzburg. Kwa kawaida mwaka mmoja wakimbiaji hupanda kutoka pwani, kama kilomita 87, na mwaka unaofuata huteremka kurudi baharini, karibu kilomita 90. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa treni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuja huku kwetu akiwa askari wa miguu, akilifuata jeshi la Mjerumani von Lettow-Vorbeck kwa mwendo unaokadiriwa kufika kilomita 2,700. Wenzake wengi hawakurudi makwao. Aliporudi yeye, aliomba wakumbukwe kwa mbio zitakazopima uvumilivu wa mwili. Alikataliwa zaidi ya mara moja, mpaka akaruhusiwa mwaka 1921. Tarehe 24 Mei mwaka huo walianza watu 34, wakamaliza 16.

Wanawake hawakutakiwa. Mwaka 1923 Frances Hayward alinyimwa ruhusa kwa sababu hiyo tu, naye akakimbia bila namba na kumaliza kwa saa 11 na dakika 35. Hakupewa medali, lakini watazamaji na wakimbiaji wenzake walichanga wakamnunulia zawadi. Ilibidi ifike 1975 ndipo wanawake, pamoja na wanaume Weusi, waliporuhusiwa kushiriki rasmi.

Leo mlango uko wazi, ila muda una mwisho. Anayetaka kushiriki huonyesha kabla ya mbio kwamba amemaliza marathoni chini ya saa 4 na dakika 50. Siku yenyewe ikifika, mbio hufungwa baada ya saa 12. Msimamizi husimama kwenye mstari wa mwisho, akawapa mgongo wakimbiaji wanaokuja, akafyatua bunduki. Aliyebakiza hatua tatu hahesabiwi.

Bunduki hiyo ndiyo huwatia watu pupa asubuhi, na hesabu inaonyesha pupa hiyo inavyowagharimu. Kilomita 90 kwa saa 12 ni dakika 8 kwa kila kilomita. Anayemaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 50 hutumia dakika 6 na sekunde 52 kwa kilomita, kwa hiyo ana akiba ya zaidi ya dakika moja katika kila kilomita, nayo inatosha kutembea kwenye vilima, kunywa maji na kwenda msalani. Sasa mchukue mtu aliyechangamka asubuhi, akakimbia kilomita 30 za mwanzo kwa dakika 6 na nusu. Amepata faida ya dakika 45. Mapaja yakimgomea baadaye, akajikokota kilomita 20 za mwisho kwa dakika 12 kila moja, anapoteza dakika 80.

Bruce Fordyce alilijua hilo kuliko wengi. Alishinda Comrades mara 9, kuanzia 1981 hadi 1988 mfululizo, kisha 1990. Desturi yake ilikuwa kuwaacha wenye haraka watangulie, akawakuta mmoja mmoja nusu ya pili. Alisisitiza pia kwamba ni heri kufika kwenye mstari wa kuanzia ukiwa umepungukiwa kidogo na mazoezi kuliko kufika umechoka.

Mazoezi yenyewe hayana siri. Kwa mtu anayelenga kumaliza tu, miezi mitano au sita inatosha, akiongeza kilomita za wiki taratibu mpaka zifike 60, 70, pengine 80, na kila wiki ya nne akipunguza ili mwili ujijenge. Mifupa na kano huzoea mzigo polepole kuliko mapafu, ndiyo maana wengi huumia wakati pumzi bado ipo. Wakimbiaji wa Comrades hupenda kuunganisha Jumamosi na Jumapili: leo kilomita 30, kesho 15 au 20 juu ya miguu iliyochoka. Safari moja ndefu ya kilomita 50 hadi 60, wiki tano au sita kabla ya mbio, inatosha. Wengi Afrika Kusini hutumia Two Oceans ya Cape Town, kilomita 56, kwa kazi hiyo. Hakuna haja ya kujaribu kilomita 80 nyumbani. Faida yake ni ndogo na uchovu wake hukaa wiki nyingi.

Vilima ndivyo binti wa Dar es Salaam anavyovikosa. Comrades ina vitano vyenye majina: Cowies, Fields, Botha's, Inchanga na Polly Shortts, mbali na vingine vingi ambavyo hakuna aliyehangaika kuvibatiza. Wanaopanda hukutana na Polly Shortts wakiwa wamebakiza chini ya kilomita 10. Wanaoteremka huogopa Fields, mteremko mkali unaowangoja wakiwa wamekwisha kukimbia zaidi ya kilomita 60. Kwenye mteremko misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Dawa yake ni kuizoesha mapema. Klabu ya jogingi inayoimba kila Jumamosi barabarani ni nzuri kwa moyo na kwa urafiki, lakini barabara tambarare haifundishi kuteremka. Pugu ipo, na Kisarawe ipo. Kwa shangazi kuna kitanda na barabara ya Morningside inayopanda Uluguru. Aje wikiendi, apande akitembea, ashuke akikimbia kwa hatua fupi. Mteremko mgumu wa mwisho uwe wiki tatu au nne kabla ya mbio.

Gerda Steyn angefaa kuwa picha ya ukutani kwa binti huyu. Alianza kukimbia kwa dhati akiwa mkadiriaji majenzi kule Dubai, kwenye joto na barabara tambarare. Comrades yake ya kwanza, mwaka 2015, ilimchukua zaidi ya saa 8. Mwaka 2017 alikuwa wa nne, 2018 wa pili. Mwaka 2019 akashinda kwa saa 5, dakika 58 na sekunde 53, mwanamke wa kwanza kupanda njia ile chini ya saa 6. Hakuna mwaka hapo alioruka ngazi.

Sasa wiki tatu za mwisho. Hapa ndipo wenye bidii wanapoharibu kazi ya miezi sita. Mazoezi huchosha kwanza, kisha huimarisha, na uimara hutokea mtu anapopumzika. Mwaka 2007 watafiti walikusanya tafiti 27 kuhusu wanamichezo wanaopunguza mazoezi kabla ya mashindano. Waliofaidika zaidi walipunguza kiasi kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku za mazoezi. Mkimbiaji aliyefika kilomita 80 kwa wiki anaweza kushuka hadi 60, kisha 40, na wiki ya mbio akabaki na mizunguko mifupi ya kunyoosha miguu. Siku za kukimbia zisipungue sana. Kinachopungua ni urefu.

Binti atajisikia vibaya, na lazima alijue hilo mapema. Miguu itakuwa mizito, goti lisilowahi kuuma litauma, na usiku atashawishika kwamba amesahau kukimbia. Hapo ndipo mtu huvaa raba akaenda kujipima kilomita 30, siku kumi kabla ya mbio. Hakuna mazoezi ya siku hizo yatakayomsaidia kwenye lami ya Durban. Yatakayomchosha yapo mengi. Muda unaobaki autumie kulala. Siku mbili za mwisho ale wanga wa kutosha, gramu 8 hadi 10 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake: wali, viazi, ndizi, ugali, vyakula ambavyo tumbo lake linavifahamu. Pilipili na maharage vingoje.

Njiani ale mapema, kabla ya njaa, wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, na tumbo alizoeshe hayo tangu mazoezini. Comrades hugawa maji kwenye vipakiti vya plastiki, na vituoni hupatikana viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Kunywa nako kuna mpaka wake. Mwaka 1985 Tim Noakes, daktari wa Afrika Kusini, na wenzake walichapisha taarifa ya wanamichezo wanne wa mashindano marefu waliougua kwa sababu ya maji mengi, si upungufu wa maji. Sodiamu ya damu hushuka, kichwa huuma, akili huvurugika, na mtu anaweza kufa. Anywe akiona kiu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zikae mbali siku hiyo, kwani figo huwa tayari zimeelemewa.

Mengine ni ya kike, na baba yake hatayasema. Kabla ya kuanza mazoezi mazito apime wingi wa damu. Hedhi ikikatika wakati wa mazoezi, asiichukulie kama nafuu. Mara nyingi maana yake ni kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayoifanya, na mifupa ndiyo italipa. Amwone daktari. Paja, kwapa na mkanda wa sidiria apake mafuta ya mgando, na raba za siku ya mbio ziwe zile alizokwisha kukimbilia.

Shangazi ana ombi moja. Ratiba ya wiki tatu za mwisho iandikwe sasa, wakati akili imetulia, na nakala iletwe Morogoro. Ikifika siku ya kutaka kuongeza kilomita, binti apige simu kabla ya kuvaa raba.

Shangazi yako akupendaye,
Morogoro