Kima wa Shamba la Babu

Isecheno, Kakamega
8 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Baba yako amenipigia simu kulalamika. Anasema tangu umalize mtihani wa kidato cha nne hulali, usiku kucha unasikiliza mihadhara ya TED, ile mifupi ya mtandaoni, na bando analipa yeye. Nimemwambia ashukuru Mungu. Ila kuna neno uliloniandikia likanichoma: eti sasa umeiona dunia, na ukija huku kwetu Krismasi utakuwa umerudi mahali pasipo na kitu.

Usidhani naipinga hiyo mihadhara. Nikienda Kakamega mjini mahali penye waifai napakua mitatu au minne, nikija naitazama jioni ng'ombe wakishakamuliwa. Kitu kilichowekwa wazi bure tangu 2006, kwa nini nikiache? Wasemaji wengine siwapendi, nakwambia ukweli. Kuna wale wanaojua dakika ya kulia na dakika ya kutuchekesha. Wakimaliza umesisimka, lakini ukiulizwa wamesema nini unabaki kujikuna kichwa.

Lakini yule kijana wetu wa Kitengela, Richard Turere, nimemrudia hata mara sita. Alizungumza kwenye jukwaa hilo la TED huko Marekani mwaka 2013, angali mtoto wa shule. Simba walikuwa wakitoka mbuga ya Nairobi kuja kula ng'ombe wa kwao usiku. Akawasha moto, kumbe mwanga ule uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakakimbia, wa pili wakagundua haisogei. Ndipo usiku mmoja akizunguka na tochi akaona hawakuja. Kumbe wanaogopa mwanga unaotembea! Akachukua betri kuukuu ya gari, balbu za tochi mbovu, paneli ya sola na kile kidude cha pikipiki kinachopepesa taa ya kukatia kona, akazungushia zizi taa za kuwakawaka.

Wewe uliniandikia kuhusu uvumbuzi wake. Mimi nilichokipenda ni ile sanamu iliyoshindwa, kwa sababu niliwahi kuiona hapa hapa. Babu yako alitundika makopo matupu kwenye kamba kuzunguka shamba la mahindi ili upepo uyagonganishe. Siku mbili kima hawakuonekana. Siku ya tatu walikula mahindi wametulia, mmoja akilichezea kopo. Babu alitukana sana, kisha akarudi kulinda kwa mawe na mbwa. Hakuna aliyekaa kuuliza kima wamejuaje.

Au tuseme, sisi hatukuuliza. Mwaka 1979 Marina Cords, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, alianza kuwafuata kima wa msitu huu wa Kakamega, hapa Isecheno, na kazi hiyo ikaendelea miongo kwa miongo. Vijana wa hapa walioajiriwa katika kazi hiyo wanamjua kima mmoja mmoja kwa sura na kwa jina. Wamekuta kwamba dume akikua huhama kundi alilozaliwa, lakini majike hubaki na mama zao mpaka kufa. Kwa hiyo wanaotuibia mahindi leo huenda ni vitukuu wa wale waliomtukanisha babu yako! Nilipoambiwa hivyo nilicheka, kisha nikawatazama kwa adabu kidogo. Nimeongoza wageni miaka mingi humu, wanaolipa nauli kubwa kuja kuona mbega na ndege wa msitu wa aina ya Kongo usiopatikana kwingine Kenya, na wewe unaniambia hapana kitu.

Msikilize tena William Kamkwamba wa Malawi, aliyeitwa kwenye mkutano wa TED Arusha mwaka 2007. Njaa na karo vilimtoa shuleni. Akaokota kitabu cha nishati katika maktaba ya shule ya msingi, Kiingereza kikimpiga chenga, akafuata michoro mpaka akajenga kinu cha upepo kwa baiskeli mbovu na feni ya trekta. Alikuwa na miaka 14. Wewe una maktaba nzima kiganjani, na mihadhara mingine ina maandishi ya Kiswahili yaliyotafsiriwa na watu waliojitolea. Unaweza kutafsiri mmoja ukingoja matokeo. Utajua kama kweli uliuelewa.

Mahindi ya msimu wa pili yanakomaa sasa na kima wameshaanza. Ukifika tutaamka saa kumi na moja alfajiri, tukae pembeni mwa shamba, usiwafukuze. Andika nani anatangulia, nani anabaki mtini akiangalia, na wanatoka upande gani. Kisha utanihadithia mhadhara mmoja, simu yako ikiwa mfukoni mwangu. Leta daftari na sweta.

Nimetuma shilingi mia tatu kwa simu ya baba yako. Mwambie ni za bando, si za mkate.

Shangazi yako