Maji Tunayamwaga

Kwetu Nyandarua tuliomba maji yaje mferejini. Huku Minneapolis, siku tatu kabla ya safari, mimi na mume wangu tunayamwaga yote. Gari letu ni nyumba kamili: kitanda, jiko, choo. Na baridi ya Januari huku si ya mchezo. Maji yakiganda mabombani yanapanuka na kuyapasua, kwa hivyo tunasukuma ndani ile dawa ya rangi ya waridi mpaka itoke kila mfereji. Ya kunywa tutayabeba kwa mitungi, kando ya kitanda. Tutateremka na barabara ya I-35 hadi Laredo, Texas, kama kilomita 2,200.

Gesi ni propeni. Butani hugoma baridi ikifika sifuri. Blanketi na koleo la theluji tayari.

Ninachorudia ni king'ora cha kaboni monoksaidi. Mume wangu anasema nimekibonyeza mara kumi leo. Wacha aseme. Julai moja shangazi aliingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, akalala. Asubuhi hakuamka. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Nimenunua king'ora cha pili, nimekifunga upande wa kichwani. Betri za akiba ziko mfukoni mwa koti langu, si kwenye droo.