Mgongo wa Fundi

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Walisema kweli, ila enzi zao hapakuwa na Toyota Corolla. Cha uvunguni mwa gari hukipati kwa kuinama. Sharti ulale chali, uso utazamane na sampu, oili chafu ikudondokee shingoni na kutu ikutafute machoni. Kwa hiyo, ndugu msomaji, wakati wenzangu kwenye kurasa hizi wanaandika mapenzi na mbalamwezi, mimi leo naandika habari za kibao. Kibao chenye magurudumu, kile anacholalia fundi akajisukuma kwa visigino mpaka chini ya gari. Usicheke kwanza.

Mjomba wangu ni fundi makenika. Gereji yake ni uwanja wa nyumba yetu, Temeke, gereji bubu kama zilivyo nyingi hapa Dar. Kwa miaka zaidi ya thelathini kitanda chake cha kazi kimekuwa boksi: anachana katoni, anatandika, analala, anajivuta kwa viwiko. Ada yangu ya shule ilitoka chini ya Peugeot 504 na Land Rover za watu. Hata hizi hadithi zangu ninaziandika jioni, nikishanawa grisi kwa sabuni ya unga.

Kisha mgongo wake ukaanza kudai madeni. Kuingia uvunguni aliweza. Kutoka ndiyo ilikuwa shughuli, mpaka nimvute miguu kama gunia. Na fundi asiyeweza kuingia chini ya gari anageuka kuwa mshauri. Mtaani kwetu ushauri ni bure, haupikiwi ugali. Ndipo tukaanza kutafuta kibao.

Tulianzia Kariakoo. Muuzaji akatutolea kimoja chekundu, kinang'aa, kina mto wa reksini na magurudumu sita madogo ya plastiki. Akakisukuma kwa kidole, kikateleza dukani kama samaki. Mimi nilishakipenda. Mjomba akakitazama, akatazama chini, akauliza neno moja tu:

"Kwako vigae. Kwangu je?"

Swali hilo lilinifundisha zaidi ya maneno yote ya muuzaji. Kibao hakichaguliwi kwa kutazama kibao. Kwanza itazame ardhi yako. Uwanja wetu ni mchanga mtupu. Gurudumu la inchi mbili kwenye mchanga linazama, na kwenye sakafu yenye nyufa linatumbukia na kukwama, nawe ukijisukuma kwa nguvu unalivunja shingo. La inchi tatu linavuka ufa na kokoto ndogo. Lakini mchanga laini unalimeza hata hilo. Hapo boksi bado ni mfalme, na anayelicheka hajawahi kulala chini ya gari.

La pili ni uzito. Watu husema, nina kilo themanini, magurudumu manne, basi kila moja linabeba ishirini. Hesabu ya darasani hiyo! Mwangalie fundi anavyokaa: anaanza kuketi upande mmoja, na kwa dakika hiyo magurudumu mawili yanabeba karibu uzito wote. Kwa hiyo kila gurudumu liweze kubeba walau nusu ya mtu mzima, tena na ziada. Magurudumu sita yanasaidia, mradi sakafu iwe sawa. Ikiwa na mabonde, mengine yananing'inia tu hewani.

La tatu ni maungio. Vibao vingi havifi mbao, vinafia pale gurudumu linaposhikana na mwili. Skrubu iliyopigwa kwenye chipibodi inang'oka kama jino la mtoto. Gurudumu lenye bamba na bolti nne zinazopenya mpaka upande wa pili, zikakazwa kwa nati zisizolegea, hilo linakaa. Na mpira wa kawaida ukinywa oili unavimba na kuoza. Gurudumu la plastiki ngumu au poliyurethani linavumilia.

La nne, kimo. Ukiweka kibao kirefu, kifua kinagusa eksozi kabla hujaona nati unayoitafuta. Dawa yake ni kuushusha ubao katikati ya magurudumu, uelee sentimita mbili tatu tu juu ya sakafu. Na ule mto mwekundu? Reksini inachanika, sponji inakunywa oili, cheche moja ya kuchomelea inatoboa yote. Mbao ngumu haina raha, lakini unaifuta kwa kitambaa maisha yanaendelea.

Basi tukarudi nyumbani mikono mitupu. Fundi wa kuchomelea wa jirani akatuundia fremu ya skwea paipu, tukafunga plaiwudi nene, tukanunua magurudumu manne ya inchi tatu. Na nusu ya fedha za kibao chekundu ikaenda kwenye saruji. Tukamwaga zege uwanjani, hatua nane kwa nne, tukalisawazisha kwa ubao. Majirani waliuliza kama tunajenga baraza. Mjomba akawajibu, "Naujengea mgongo."

Nisiache jambo moja, maana kibao kizuri kinaleta uvivu wa akili. Unateleza kuingia, raha mustarehe, unasahau nani anaishikilia gari. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi za chuma, na nyuma ya magurudumu ziwekwe kabari. Tofali lisikudanganye, linaonekana zima, kisha linapasuka bila kukohoa. Nimewahi kubeba jeneza la kijana wa mtaani aliyeiamini jeki peke yake. Alikuwa anabadilisha bushi tu, kazi ya nusu saa.

Tena kibao kina tabia yake: ukivuta spana kwa nguvu, nati haitembei, unatembea wewe. Kwa nati kaidi Mjomba hushuka, hutandika boksi lake la zamani, huweka kisigino ardhini na kuvuta. Sikuona aibu yoyote katika kurudi huko.

Nimejiuliza kudumu ni nini hasa. Kile chekundu kingeweza kudumu miaka mingi katika gereji yenye vigae. Kwetu kingekufa siku gurudumu lake la kwanza lingevunjika, kwa sababu saizi ile na kipini chake hatukuziona duka jingine lolote. Cha kwetu hakina sura, lakini kila kiungo chake kinauzwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Gurudumu moja limeshakufa tangu hapo. Mjomba alifungua bolti nne, akafunga jingine, na chai yake aliikuta bado ya moto.