Riyali Thelathini Zilizotufunza Amana



 Sisi wanafunzi wa darasa la juu tunapenda kuwasimulia wenzetu na wazee wetu jambo lililotupata, huenda likawa na faida.

Ustadh alitukabidhi daftari la mchango wa kuwanunulia misahafu wenzetu mayatima. Siku moja shangazi wa mmoja wetu, anayeishi Muscat, alipiga simu akasema ametuma riyali 30 kwa mkono wa msafiri. Riyali tuliyoijua sisi ni ile ya Saudia wanayorudi nayo mahujaji wetu, ambayo 3 na robo tatu ni dola moja ya Marekani. Tukapiga hesabu haraka, tukaandika kwa wino: riyali 30, sawa na dola 8.

Msafiri alipofika alitupa noti tatu za kumi kumi. Ustadh alikuwa safarini, basi tukaenda na kaka wa mwenzetu kwenye duka la kubadilishia fedha. Karani akatuhesabia shilingi zilizokaribia dola 78. Tukadhani amekosea. Akacheka, akasema, "Hizi si za Saudia, wanangu. Hizi za Oman. Moja tu inapita dola mbili na nusu."

Njiani tulikuwa kimya. Kisha mmoja wetu akasema, "Daftari linasema dola nane. Hizi nyingine nani anazijua?" Mwingine akasema zinunuliwe jezi za timu ya madrasa, kwani hilo nalo ni jambo la kheri. Tusifiche: wapo tuliotabasamu. Ndipo mdogo wetu kuliko wote akauliza, "Shangazi alitoa kwa ajili ya nani?" Hakuna aliyemjibu. Pesa zote zikafungwa katika bahasha moja zikamsubiri Ustadh.

Ustadh aliporudi hakutugombeza. Alitukataza kufuta kosa. Tulilipigia mstari ili lionekane, tukaandika sahihi chini yake, na sote tukatia saini. Akatukumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni, na kwamba mwandishi anatakiwa aandike kwa uadilifu. Kisha akatundika ramani ya Asia ukutani, akatutaka tuandike fedha na saa za kila nchi.

Hapo ndipo tulipoona jinsi jina moja linavyobeba mizigo tofauti. Riyali ziko Saudia, Oman, Qatar na Yemen, na kila moja ina thamani yake. Dinari moja ya Kuwait inapita dola 3, lakini dola moja huvunjwa kwa zaidi ya dinari 1,000 za Iraq. Rupia ziko India, Pakistan, Nepal na Sri Lanka. Rupia ya India ilifika hata kwetu pwani, na neno letu "pesa" limetokana na paisa, sehemu ya rupia hiyo. Zanzibar iliacha rupia mwaka 1936 ikaingia kwenye shilingi. Oman ilitumia rupia ya Ghuba, iliyotolewa na Benki Kuu ya India, mpaka mwaka 1970 ilipotoa riyali yake. Mpaka leo riyali ya Oman ina baisa 1,000, nayo baisa ni ndugu wa pesa yetu.

Saa nazo zina mambo yake. Makka na Madina saa ni sawa na yetu. India wametutangulia kwa saa mbili na nusu, na Nepal kwa saa mbili na dakika 45. Indonesia ina saa za aina tatu, lakini China yote, kwa upana wake, inafuata saa moja ya Beijing. Kwa saa hiyo, katika mji wa Kashgar ulio mbali magharibi, jua hupinduka karibu na saa tisa mchana. Waislamu wa huko hawaswali Adhuhuri saa sita kwa kuwa Beijing ni saa sita. Wanalitazama jua lao.

Mwisho tukampigia shangazi kumweleza kosa letu. Ilikuwa mwezi wa Novemba, saa kumi na nusu, tumeshaswali Alasiri na jua bado liko juu ya minazi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, wanangu. Ngojeni kidogo, huku inaadhiniwa Magharibi." Tukatazamana. Jedwali tulikuwa nalo mkononi, na bado tulisahau kuwa Muscat wametutangulia kwa saa nzima. Tulipompigia tena na kumsimulia yote, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nimejua pesa zangu ziko mikononi mwa nani."

Enyi wenzetu, ukiambiwa riyali, uliza ya wapi. Ukiambiwa saa, uliza saa ya wapi. Lakini amana haina ya Muscat wala ya kwetu. Ni ile ile kila mahali, na Mwenye kuihesabu hahitaji daftari letu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe miongoni mwa watunzao amana. Amin.



Wanafunzi wa Darasa la Juu