Gari la Parokia na Mabati ya Kigango

Frateri aliyekuwa nasi hapa Nkowe kwa mwaka wake wa kichungaji alituomba sisi wa kamati ya fedha tuandike habari za gari la parokia. Alisema darasani wanafundishwa kanuni ya 537, kwamba kila parokia iwe na kamati ya fedha, lakini hakuna anayewaambia kamati hiyo inakaaje usiku ikiwa haina fedha. Basi tunaandika.

Gari lenyewe ni Land Cruiser, lile la mkonga, na injini yake ilikuwa 1HZ ya dizeli, silinda 6, cc 4,164. Wanaojua magari ya misioni wanaifahamu. Haina kompyuta, na fundi mwenye spana na akili anaweza kuifungua chini ya mwembe. Gari hilo limebeba saruji, wanakwaya, majeneza na mahindi ya mavuno. Zaidi ya yote limebeba wagonjwa kwenda hospitali ya Nyangao, mara nyingi usiku.

Lilikufa mwezi wa 3, mvua zikiwa zimekolea. Dereva alikuwa anarudi kutoka kigangoni, akipambana na matope kwa gia ndogo, likachemsha. Alimimina maji ya mtaroni, akaliwasha tena, likaenda kidogo likazima. Kesho yake fundi alivuta kijiti cha oili, akatuonyesha bila kusema neno. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani. Alipofungua zaidi alikuta silinda hedi imepasuka, pistoni mbili zimeungua, na bloku imechimbika.

Kikao cha kwanza tulimtazama dereva. Tukiri hilo. Yeye akatoa daftari lake la safari. Mara mbili alikuwa ameandika kwamba geji ya joto haifanyi kazi na rejeta imeziba, na pembeni yake mmoja wetu alikuwa amejibu kwa kalamu nyekundu: "Subiri korosho." Geji ile ilikuwa imelala miaka miwili. Kila mmoja wetu aliyewahi kupanda mbele aliiona.

Baada ya hapo hakuna aliyemlaumu dereva.

Fundi alitupa njia tatu. Ya kwanza ni kuitengeneza injini ileile: bloku ipelekwe Dar es Salaam ikachongwe, hedi nyingine inunuliwe, kama milioni 5, naye hakutaka kuiwekea dhamana. Ya pili ni kununua injini iliyotumika, nzima, pale Gerezani, kuileta na kuifunga, milioni 11. Ya tatu ni kuliuza gari kama chuma chakavu na kununua pikipiki mbili. Mzee mmoja wa kamati aliipenda hii ya tatu. Alitukumbusha mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukaachwa 1951, jirani zetu wa Nachingwea wakiwa ndani yake. Matrekta mengi ya mpango ule yalikuwa mabaki ya vita, yakafa moja baada ya jingine, na hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea haikudumu. "Mashine ya mtumba hainunuliwi kwa huruma," alisema. Hatukuwa na jibu.

Tulimwomba fundi atuambie kwanza kama gari lenyewe lina uhai. Alilala chini yake nusu siku, akagonga chesisi kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Mahali penye kutu iliyokula chuma sauti huwa butu. Alipata sehemu moja tu, karibu na springi za nyuma, inayoshonwa kwa kuchomelea. Giaboksi nzima, difu nzima. Kwa hiyo gari lilikuwa linastahili injini. Swali likabaki kwetu.

Mfuko wa parokia ulikuwa na milioni 4.2. Kulikuwa na milioni 6.8 nyingine, lakini hizo zilikuwa za mabati ya kigango kimoja. Waamini wake walizichanga kutoka ufuta wao, kilo kwa kilo, misimu miwili. Ukijumlisha unapata milioni 11 kamili. Tunakiri kwamba hesabu hiyo tuliifanya vichwani mwetu wote kabla ya yeyote kuitamka.

Aliyetuzuia ni Frateri. Alisoma kanuni ya 1267: sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani haitumiki kwa lengo jingine. Mmoja wetu alimjibu kwa ukali kidogo kwamba kanuni haivuki matope. Baba Paroko akasema, "Basi twendeni tukawaulize wenye mali."

Tulikwenda kwa bodaboda. Misa ilikuwa ndani ya kuta za tofali zisizo na paa. Baada ya matangazo Padre alieleza yote, pamoja na habari ya daftari na kalamu nyekundu. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha bibi mmoja akasimama. Mwezi wa 4 mjukuu wake mjamzito alikuwa amepelekwa Nyangao usiku kwa pikipiki, wakaanguka mara mbili njiani. Mama na mtoto walipona.

"Baba Padre, na ninyi wanangu," alisema, "bati halimpeleki mtu Nyangao. Chukueni. Lakini si zawadi. Ni deni, na liandikwe."

Liliandikwa pale pale, katekista akashika kalamu, tukatia sahihi sote. Tarehe ya kulipa ikawa baada ya minada ya korosho.

Fundi na dereva walikwenda Gerezani pamoja. Walikataa injini mbili kwa sababu muuzaji hakukubali ziwashwe na kupimwa kompresheni. Ya tatu waliichukua. Rejeta mpya, mipira yote ya maji na geji, jumuiya ndogo ndogo zilichangia, maana fundi alisema wazi kwamba bila hivyo anatufungia jeneza la pili. Namba ya injini ilibadilika, ikabidi kadi ya gari irekebishwe, na hilo nalo lilikula muda wake.

Gari linatembea tangu mwezi wa 7. Korosho zilipouzwa tulirudisha milioni 4. Mvua hazikusubiri zilizobaki. Ukuta wa magharibi wa kigango ulilowa ukapasuka, na mistari ya juu ya tofali itabidi ibomolewe ijengwe upya kabla paa halijapanda. Gharama hiyo haikuwa kwenye hesabu yetu ya milioni 11.

Bado tunadaiwa milioni 2.8. Bibi yule hutukumbusha kila anapotuona, baada ya Misa, msibani, hata mnadani mbele za watu. Na kila kikao chetu sasa kinaanza kwa kusoma daftari la dereva.